Neno la Siri na Muda Wake

Leo tutazungumza juu ya neno la siri, ambalo ni ufunguo wa kompyuta.

Mwaka 1979, huko Marekani, Robert Morris na Ken Thompson walieleza walivyochunguza maneno ya siri 3,289 ya watu waliotumia Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta. Maneno 2,831 yalikuwa mafupi au mepesi kubahatisha. 15 yalikuwa ya alama moja tu!

Baadaye wasimamizi waliweka sheria: neno liwe refu, tena libadilishwe kila baada ya siku kadhaa. Kompyuta ikahesabu siku hizo. Lakini wengi waliongeza tarakimu moja tu mwishoni, na mwizi hakupata taabu.

Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani ilishauri kwamba mtu asilazimishwe kubadili neno ila kukiwa na dalili kwamba limeibwa.

Basi, chagueni neno refu, wala msimwambie mtu. Kwaherini.