Muda wa skrini (Tabora)

Muda wa skrini ni jumla ya saa ambazo mtu hutumia kutazama simu, runinga au kompyuta. Tabora, mji wa Unyamwezi uliokuwa kituo cha misafara ya biashara kutoka Bagamoyo, ulichelewa kuipata runinga: Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973, Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994. Kwa wengi, picha ilitazamwa kwa pamoja katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za kuonyeshea video, kisha kila mtu akaenda kulala. Simu imeuhamishia utazamaji kitandani, na hilo ndilo badiliko zito zaidi kiafya.

Mwanga wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usingizi. Mtu aliyekazia macho skrini pia hupepesa mara chache, hivyo macho hukauka na kuwasha. Kwa watoto, kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu huhusishwa na kutoona vizuri mbali, ilhali kucheza nje mchana hupunguza hatari hiyo. Miembe ya Tabora, iliyoenea zama za misafara, bado ina kivuli cha kutosha kwa michezo hiyo.

Si kila saa ya skrini ni hasara. Simu huwaunganisha ndugu waliotawanyika kando ya Reli ya Kati inayopita Tabora. Kwa wadogo, hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2, skrini haipendekezwi; kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku.