Ifahamu Gibb's Farm, nyumba ya shamba Karatu iliyogeuka hoteli

Ukipanda kutoka Karatu mjini kuelekea msitu wa Ngorongoro, utakuta shamba la kahawa lenye nyumba kuukuu. Ndiyo Gibb's Farm.

Nyumba hiyo ilijengwa 1929 na walowezi wa Kijerumani. Wajerumani tena? Ndiyo. Ujerumani ilishaipoteza Tanganyika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, ila kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu raia wake kurudi, na wengi wakaja kulima kahawa Oldeani na Karatu. Vita vya Pili vilipoanza 1939, wakawa maadui upya. Wengi waliwekwa kizuizini, na mashamba yao yakashikwa na serikali.

Mwaka 1948 shamba likanunuliwa na Mwingereza, James Gibb. Kahawa haina uhakika, bei yake inapangwa mbali na mkulima. Mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakaanza kupokea wageni waendao kreta.

Miaka mitano baadaye mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa utalii wa kaskazini lilikuwa pigo zito, maana watalii wengi walitokea Nairobi.

Nyumba ya 1929 bado imesimama. Siku hizi wageni hula humo, mboga zikitoka bustanini hapohapo, na hulala kwenye nyumba ndogondogo za jirani. Kahawa bado inavunwa.

Nyuma ya shamba kuna njia ya miguu hadi mapango ambayo tembo huchimba udongo wenye chumvichumvi. Huko huendi bila mwongozaji.