Mwisho wa Reli: Historia Fupi ya Stesheni ya Kigoma

Reli ilifika Kigoma tarehe 1 Februari 1914. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka uleule Vita vya Majimaji vilipolipuka kusini, na kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani ikapitisha chuma Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910 na Tabora 1912. Toka pwani hadi ziwani ni kilomita zipatazo 1,250 za reli ya upana wa mita moja. Wajerumani walichora ramani na kushika hesabu. Tuta lilijazwa, milima ikakatwa na mataruma yakalazwa kwa mikono ya maelfu ya vibarua, wengi wao Wanyamwezi, ambao baba na babu zao walikuwa wameifuata njia hiyohiyo kwa miguu wakiwa mapagazi.

Mapagazi hao wasisahaulike katika historia ya stesheni hii, kwa kuwa wao ndio iliowaondoa njiani. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulichukua miezi mitatu ukienda vizuri, kila mtu na mzigo wake wa kama frasila mbili begani. Ukienda vibaya, ndiyo yaliyowakuta wasafiri Burton na Speke: waliondoka pwani Juni 1857, wakauona ulimwengu, na ziwa wakaliona Februari 1858. Treni ilipoanza kutembea, safari ile ikawa ya siku kadhaa.

Msomaji wa leo anaweza kujiuliza kwa nini stesheni haikujengwa Ujiji. Ujiji ndiyo ilikuwa mji. Soko la samaki, chumvi, pembe na, kwa aibu, watu, lilikuwa pale. Rumaliza na wenzake walitawala biashara ya ziwa wakiwa pale. Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871. Lakini ufuko wa Ujiji ni wa kina kifupi na upo wazi kwa mawimbi, na meli haina pa kujisitiri. Kilomita chache kaskazini kuna ghuba ya Kigoma, yenye kina na vilima vinavyoikinga na upepo. Wahandisi walitafuta bandari, na mji wenye historia ukapitwa. Leo daladala inakutoa Kigoma mjini, ikapita Mwanga, ikakufikisha Ujiji kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako wa kiti, na manispaa yenyewe inaitwa Kigoma Ujiji. Hata hivyo mzee wa Ujiji akiamua kulalamika kwamba reli iliwanyima haki yao, mimi simkatizi.

Jengo lenyewe bado limesimama chini ya Barabara ya Lumumba, la ghorofa, lenye matao na kuta nene za kukinga jua. Ni kubwa kuliko mahitaji ya mji uliokuwapo wakati ule, na ukubwa huo ulikusudiwa. Berlin haikutumia fedha zote zile ili mtu wa Kigoma asafiri kwenda Tabora kuwaona shemeji zake. Ilikuwa inaitazama ng'ambo ya pili, Kongo ya Wabelgiji, na shaba na mpira wake. Maonyesho makubwa yalipangwa kufanyika Dar es Salaam Agosti 1914 kusherehekea kukamilika kwa reli. Vita vikaanza mwezi huohuo, na sherehe haikufanyika.

Mzigo mkubwa kuliko yote iliyowahi kubebwa na reli hii katika mwaka wake wa kwanza ulikuwa meli nzima. Kiwanda cha Meyer huko Papenburg kiliiunda meli ya Graf von Götzen mwaka 1913, kikaifungua kipande kwa kipande na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, na mafundi watatu wa Kijerumani, wakiongozwa na Anton Rüter, wakishirikiana na mamia ya vibarua wa hapa, wakaipiga riveti upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Jina lake lilikuwa la gavana aliyeongoza mauaji ya Majimaji, jambo ambalo waandishi wengi wanaoipenda hulipita haraka. Mzinga wake ulitoka kwenye manowari ya Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Nao ulipanda treni.

Mwaka uliofuata Waingereza na Wabelgiji walikuwa wameshalitia ziwa mkononi. Ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini ziliishambulia bandari ya Kigoma Juni 1916, na mwishoni mwa Julai Wajerumani wakaamua kuondoka. Rüter na wenzake waliagizwa waizamishe meli waliyoijenga kwa mikono yao. Waliijaza mchanga na kuipeleka karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini kabla ya kuifungulia maji walifanya kazi ambayo hakuna afisa aliyeihitaji: waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila kiungo. Fundi hazamishi mashine yake bila kuweka akiba. Wabelgiji walijaribu kuiibua, ikazama tena ghubani Kigoma kwa dhoruba. Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, mitambo ilikuwa haijaharibika. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la ziwa lililoandikwa na Livingstone katika safari zake za upande wa kusini.

Tangu hapo stesheni na meli vimekuwa kitu kimoja. Ratiba ya treni ilimngoja abiria wa Kasanga na Mpulungu, na nahodha alijua idadi ya watu watakaoshuka jukwaani.

Upande wa Wabelgiji una kisa chake, na katika historia ya reli ndicho kinachonivutia kuliko vita. Askari wao waliingia Kigoma Julai 1916, na vita vilipokwisha hawakutaka kuondoka mikono mitupu. Mkataba wa 1921 kati yao na Uingereza uliwapa maeneo mawili ya kupangisha, moja katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, daima dumu. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zilivuka ziwa, zikapakiwa kwenye mabehewa Kigoma na kufika baharini bila kutozwa ushuru wa forodha wa Tanganyika. Mwishoni mwa 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Nyerere aliliambia Bunge kwamba nchi mpya haitafungwa na mkataba huo: Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika kwa muda, na aliyekabidhiwa kwa muda hana mamlaka ya kugawa ardhi milele. Hoja hiyo iligeuka kuwa msimamo unaosomwa na wanasheria wa mataifa duniani kote, na chimbuko lake ni gati na ghala za Kigoma. Shughuli za Belbase ziliendelea kwa mpango wa muda hadi miaka ya 1990.

Mabadiliko ya wenye mali yanaweza kuelezwa kwa kifupi. Tanganyika Railways chini ya Waingereza. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda kuwa East African Railways and Harbours. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa karibu miezi mitatu wakidai mishahara. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Shirika la Reli Tanzania likazaliwa. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, mkataba ukavunjika baada ya miaka michache. Na mwaka 2017 shirika likarudi kwa jina lake la TRC. Kwa abiria wa daraja la tatu tofauti kati ya zama hizi ilipimwa kwa kitu kimoja: treni imechelewa saa ngapi. Mafuriko ya Kilosa ya Januari 2010 yalipoibomoa njia, Kigoma ilikaa miezi bila treni, na hapo ndipo watu wa mjini walipotambua bei ya saruji na sabuni imeegemea nini.

Kwa maana reli hii hatimaye ikawa ya watu ambao haikujengwa kwa ajili yao. Siku ya treni, mbele ya stesheni kuna madumu ya mawese, magunia ya dagaa, migebuka mikavu, na mama aliyekalia mzigo wake asimwamini mtu. Behewa likifika Uvinza, wachuuzi wa chumvi wanapandisha vifuko dirishani. Chumvi ya hapo imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla reli haijafikiriwa. Nguruka, Kaliua, Urambo: kila kituo na bidhaa yake, na asali ya Tabora ikinukia hadi Dodoma. Dar es Salaam inakula Kigoma kwa njia hii.

Stesheni imepokea pia waliokuja bila bidhaa. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Liemba iliwarudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 ikatumwa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kuwachukua Warundi waliokimbia machafuko na kipindupindu kikiwafuata. Walishushwa Kigoma, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu.

Pamoja na historia yote hiyo, mtu anayetaka kuona mabehewa ya kale yaliyokarabatiwa huelekezwa Nairobi. Makumbusho ya Reli ya pale yalifunguliwa mwaka 1971, jirani na stesheni, wakati shirika la reli lilipokuwa mali ya nchi tatu. Unaruhusiwa kupanda behewa ambamo simba alimkamata afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Unasimama chini ya kichwa namba 5918, jitu la mvuke la aina ya Garratt, lililopewa jina la Mount Gelai, mlima wa Tanzania ulio karibu na ziwa Natron. Jumuiya ilipovunjika miaka sita baadaye, makumbusho yalibaki yalipo. Siwalaumu Wakenya, wameyatunza. Ila Mtanzania akitaka kuuona Mount Gelai wa chuma inabidi avuke mpaka.

Kigoma ina kitu ambacho Nairobi haina: reli ya 1914, stesheni yake, gati na meli iliyoletwa na reli hiyohiyo, vyote ndani ya mwendo wa dakika chache kwa miguu. Liemba ilibadilishiwa injini za mvuke kwa dizeli katika miaka ya 1970, ikasimama kwa matengenezo mwishoni mwa miaka ya 2010. Wapo waliopendekeza iwe makumbusho, na wapo wanaosema meli ni ya kubeba watu. Mimi niko na hawa wa pili kwa upande wa meli, na wale wa kwanza kwa upande wa jengo. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na reli hiyo ikikamilika itakuwa na stesheni zake. Hapo ndipo jengo la matao litakapohitaji kazi nyingine, na ni heri maandalizi yaanze sasa, kwa behewa moja la daraja la tatu litakalotengwa lisikatwe kuwa vyuma chakavu, na mataruma machache ya chuma ya Wajerumani. Wastaafu wa reli waliopo Mwanga na Gungu bado wana taa za ishara, kofia, vitabu vya ratiba na picha za karakana. Vitu hivyo vikiombwa kwa heshima, na jina la mwenyewe likaandikwa ubavuni mwa kabati, watavitoa.