Marafiki wawili, kompyuta moja: namna ya kutengeneza mchezo wa kwanza wa video nyumbani Kampala

Vijana wawili wanaotaka kutengeneza mchezo wao wa kwanza wa video nyumbani mjini Kampala hawahitaji ofisi wala mtaji mkubwa. Kinachowakwamisha wengi si ukosefu wa vifaa, bali ni kuchagua wazo kubwa mno, na kuacha swali la umiliki bila jibu hadi fedha zinapoanza kuingia. Makala hii inaeleza namna kazi hiyo inavyoweza kuanzishwa, kugawanywa na kufikishwa kwa wachezaji.

Mchezo ambao tayari unajulikana

Mfano wa karibu zaidi ni matatu. Msomaji wa Nairobi asidhani kwamba ni lile basi dogo la abiria. Kampala basi hilo huitwa teksi, na matatu ni mchezo wa karata unaochezwa vibarazani, katika mabweni ya wanafunzi na kwenye vituo vya bodaboda saa ambazo abiria ni wachache. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, kampuni ndogo ya Kampala iitwayo Kola Studios, ambayo Daniel Okalany ni miongoni mwa waanzilishi wake, iliuhamishia mchezo huo kwenye simu.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko unavyoonekana. Watengenezaji wapya hupoteza miezi mingi wakitafuta kanuni zitakazompendeza mchezaji. Kanuni za matatu zilikwisha kujaribiwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi kabla ya simu janja kufika Uganda.

Kila mchezaji hugawiwa karata 7. Hutupa karata inayolingana na iliyo juu kwa namba au kwa aina, yaani shupaza kwa shupaza, kopa kwa kopa. Karata ya 2 humlazimisha mpinzani kuokota mbili. Nane na ghulamu humrusha mpinzani zamu yake. Ree humpa aliyeitupa haki ya kuchagua aina itakayofuata. Utamu wenyewe uko kwenye karata moja inayowekwa wazi chini ya fungu: mwenye saba ya aina hiyo anaweza kuukata mchezo, na hapo kila mmoja huhesabu alama zilizo mkononi mwake. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

Kanuni hizi zinaandikika kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na hicho ndicho kipimo kizuri cha wazo la kwanza. Hata hivyo, ukurasa huo ukianza kugeuzwa kuwa programu, mapengo hujitokeza. Fungu likiisha, karata zilizotupwa zichanganywe upya? Mtu akijibu 2 kwa 2, anayefuata aokote mbili au nne? Kibarazani maswali kama haya humalizwa na mkubwa wa meza, au mwenye sauti kubwa. Kompyuta haina mkubwa wa meza; isipoambiwa la kufanya, itasimama au itafanya upuuzi. Hapa ndipo rafiki wa pili anapofaa sana, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa programu: mmoja acheze kwa karata halisi, mwingine aandike kila ubishi unaotokea na uamuzi uliofikiwa.

Anayependa jambo zito zaidi anaweza kuutazama omweso, ndugu wa bao letu la pwani, wenye mashimo 32 na kete 64. Kuuchora ni rahisi. Kuifundisha kompyuta iucheze vizuri dhidi ya binadamu ni kazi nyingine kabisa, na mwandishi wa makala haya angeushauri uwe mchezo wa pili.

Vifaa, bando na umeme

Kuhusu programu, hakuna haja ya maneno mengi. Injini ya michezo iitwayo Godot ni programu huria: hailipiwi, na wenye kuitumia hawadaiwi sehemu ya mapato. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2014. Unity inatumika zaidi na ina mafunzo mengi, lakini Septemba 2023 wamiliki wake walitangaza ada mpya iliyohesabiwa kwa idadi ya watu waliopakua mchezo, wakaifuta mwaka mmoja baadaye baada ya malalamiko makubwa. Si sababu ya kuikimbia, ila ni sababu ya kusoma leseni.

Uzito wa faili ni jambo la fedha. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti, badala ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018. Godot yenyewe ni nyepesi, lakini faili za kuutolea mchezo kwenye simu hupakuliwa kando, nazo ni nzito zaidi. Marafiki wawili wapakue mara moja, kisha wapitishiane kwa flashi.

Kwamba vifaa duni si mwisho wa safari, ushahidi upo nchini humo humo. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alipata kompyuta mpakato baada ya mama yake kuweka akiba kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300. Alitembea saa tatu ili kuichaji. Kwa kompyuta hiyo alitengeneza Salaam, mchezo kuhusu amani. Baadaye alianzisha kampuni ya Junub Games nchini Marekani, na mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards. Wengi huisimulia habari hii kama muujiza. Mwandishi anaiona zaidi kama habari ya mama aliyelipa gharama ambazo hazionekani kwenye skrini.

Umeme unapokatika ghafla, kompyuta mpakato yenye betri hai huokoa kazi ya siku. Kompyuta ya mezani haiokoi kitu. Hata betri, hata hivyo, si kinga ya kutosha. Mtaani Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa vifaa vya nyumbani, na kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Baadaye alilazimika kufuta faili za awali ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata. Filamu hiyo sasa inatazamwa duniani kote, lakini kinachotazamwa ni nakala ya DVD yenye sauti ya msimulizi juu yake. Ile ya awali haipo tena.

Kwa mchezo wa video hasara ya namna hiyo ni mbaya zaidi, kwani bila faili za awali hitilafu haiwezi kurekebishwa. Kila jioni nakala moja ibaki nyumbani kwa huyu, nyingine iende nyumbani kwa yule. Wenye intaneti watumie Git, ambayo huhifadhi kila toleo na kuonyesha nani alibadilisha nini.

Mchezo ni wa nani?

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta, pamoja na michoro na muziki. Hailindi wazo tupu. Ndiyo maana yeyote yuko huru kutengeneza matatu yake: kanuni za mchezo huo hazina mwenyewe. Asichoruhusiwa ni kuchukua michoro, sauti au programu ya mtu mwingine.

Sheria hiyo inatambua pia kazi iliyotungwa na watu zaidi ya mmoja, na hapo ndipo urafiki hupata mtihani. Tuseme mmoja ameandika programu kwa miezi 6, na mwenzake amechora karata zote kwa wiki 3, lakini kompyuta na umeme vilikuwa vya mwenzake. Nani ana nusu? Kila mmoja ana jibu lake moyoni, na kwa kuwa ni marafiki, hakuna anayelitamka. Siku mmoja anapopata kazi Dubai, au anapoitwa nyumbani Gulu, jibu hilo hutoka likiwa limechacha.

Karatasi moja inatosha, yenye sahihi mbili na shahidi mmoja. Itaje mgawanyo wa mapato, mwenye akaunti ya kuuzia, nani anashika nywila, na hatima ya mchezo mmoja akijitoa: je, anayebaki anaweza kuuendeleza, na kwa masharti gani? Michoro iliyoombwa kwa jirani au muziki wa binamu nao utajwe. Baadhi ya wazee watasema kuandikiana ni kutoaminiana. Lakini wazee hao hao huandikiana wanapouziana kiwanja.

Kuutoa hadharani

Akaunti ya mtengenezaji kwenye Google Play hulipiwa dola 25 mara moja tu. Steam, soko la michezo ya kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila mchezo. Tovuti ya itch.io haitozi ada ya kuweka mchezo, na kwa kazi ya kwanza ndiyo mlango mwepesi zaidi. Kabla ya kuchagua, hakikisheni kama soko husika linaweza kumlipa mtu aliye Uganda, na kwa njia gani, kwani mchezaji wa Kampala amezoea kulipa kwa fedha za simu, na masoko ya kigeni yanawazia kadi ya benki.

Sharti moja la Google huwashtua wengi. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hairuhusiwi kutoa mchezo hadi ujaribiwe na watu wasiopungua 12 waliojiandikisha kwa siku 14 mfululizo. Jamaa na marafiki watakubali siku ya kwanza, na kufikia siku ya nne baadhi yao watakuwa wameufuta ili kupata nafasi ya picha.

Kwa mchezo wa karata, wajaribishaji bora ni wale ambao tayari wanaucheza. Nendeni kwenye kituo cha bodaboda kilicho karibu na nyumbani, mkiwa na simu mbili na bando la kuwagawia kidogo. Msiwaeleze kanuni. Kaeni pembeni mtazame kidole kinakwenda wapi, na mtu anapouliza mbona hakukubaliwa kujibu 2 kwa 2, andikeni.