Shule za Wajapani katika Brazili

Tarehe 18 Juni, 1908, meli iitwayo Kasato Maru ilitia nanga katika bandari ya Santos, nchini Brazili. Ilichukua Wajapani 781 waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa ya São Paulo. Nia yao haikuwa kulowea. Walitumaini kuchuma mali kwa miaka michache, kisha warejee kwao. Lakini ujira ulikuwa haba na madeni mengi, na miaka michache ikawa umri mzima. Kufikia mwaka 1941 wahamiaji walikuwa wamepita 180,000.

Watu hawa walijinyima ili wajenge shule. Vijijini, wazazi walichanga fedha na nguvu za mikono. Mjini São Paulo, shule ya Taishō ilifunguliwa mwaka 1915. Kusudi lilikuwa dhahiri: mtoto aliyezaliwa ugenini asije akarudi Japani akawa bubu mbele ya babu yake. Hata hivyo, katika nyingi za shule hizo Kireno nacho kilifundishwa.

Mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas iliamuru masomo ya watoto yawe kwa Kireno, na shule za lugha za kigeni zikafungwa. Mwaka 1941 magazeti ya Kijapani nayo yalikoma. Hoja ya serikali haikukosa uzito, kwani taifa la watu wa asili nyingi lahitaji lugha ya kusikilizana. Walakini kuikuza lugha moja si lazima kuwe kuiziba nyingine. Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, wazee wengi wasiojua kusoma Kireno hawakuwa na gazeti la kuwapa habari. Uvumi ukaenea kwamba Japani imeshinda. Wafuasi wa chama cha Shindō Renmei wakawashambulia Wajapani wenzao waliokiri ukweli, na watu zaidi ya 20 waliuawa. Ushupavu ulikuwa na sehemu yake katika msiba huo. Lakini kiza kilichoulea kilitokana na amri.

Baada ya hapo tumaini la kurejea lilififia. Tarehe 17 Desemba, 1955, wahamiaji na watoto wao waliunda chama cha utamaduni wa Kijapani mjini São Paulo. Katika jumba lake, mtaani Liberdade, makumbusho ya uhamiaji yalifunguliwa mwaka 1978. Lugha sasa ilifundishwa kwa kusudi jingine: si kumwandaa mtoto kwa safari, bali kumpa Mbrazili urithi wa wazee wake.

Mwaka 1990 sheria ya Japani iliwafungulia mlango wajukuu wa wahamiaji, na maelfu wakaenda kufanya kazi viwandani huko. Nao, kama babu zao, walidhani watakaa miaka michache tu. Wakafungua shule, na humo watoto wao wakafundishwa Kireno.