Kuhifadhi si kulinda: Safari ya nakala kutoka Kilwa hadi simu ya mkononi

Kitenzi ‘hifadhi’ kimetuponza. Tulikipokea kutoka Kiarabu kikiwa na maana mbili zinazoandamana kama chanda na pete: kuweka kitu kisipotee, na kukilinda kisidhuriwe. Mtoto wa madrasa aliyehifadhi Kurani ameiweka moyoni. Msitu uliohifadhiwa umekatazwa kuguswa. Basi simu inapomuuliza mtu kama anataka kuhifadhi picha na mazungumzo yake, naye akabonyeza ‘ndiyo’, huamini amepata yote mawili. Kumbe amepata moja tu. Picha hazitapotea simu ikitumbukia majini au ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, lakini sasa kuna nakala nyingine kwenye tarakilishi ya mtu asiyemjua. Kupotea ni hatari moja na kuvuja ni hatari nyingine, na mara nyingi dawa ya ile ya kwanza huizidisha ile ya pili.

Tatizo hili ni kongwe kuliko simu. Miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi tuliyo nayo ni barua zilizoandikwa Kilwa kwa hati ya Kiarabu kati ya 1711 na 1728. Hazikusalia Kilwa. Ziko Goa, India, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno upande huu wa dunia, katika nyaraka zilizorithiwa kutoka kwa utawala huo. Sisi wanaisimu tunazifurahia mno, na tuna haki ya kufurahi. Lakini waliozitunga walikuwa na shughuli zao, na hawakutuandikia sisi. Zilidumu kwa kuwa ziliingia katika kabati la dola, na tangu hapo mwenye kabati ndiye aliyeamua nani azifungue. Mwandishi na mwandikiwa hawakuwa tena na neno.

Waliokulia mashambani miaka ya sitini na sabini watakumbuka sanduku la posta lilivyokuwa la kijiji kizima. Barua ya baba aliyekuwa akifanya kazi Mombasa au Nairobi ilipitia sanduku la shule au la kanisa, ikakabidhiwa mtoto aipeleke nyumbani, na mama asiyejua kusoma akamwomba mtoto yuyo huyo amsomee. Mimi ni miongoni mwa watoto hao. Nilijua nani ametumiwa pesa na nani amekaripiwa na mumewe, na nilijua pia kwamba nikilitoa neno nje nitachapwa. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi tu. Kilichoifunga kweli ni adabu, pamoja na hofu ya kiboko. Mamangu alikuwa na neno moja kwa jambo hilo: amana. Barua ya mtu ni amana. Ulipewa uibebe, hukupewa iwe yako.

Nalirejelea neno hilo kwa sababu istilahi tulizobuni au kuazima baadaye hazilisemi. Tazama ‘faragha’, neno linalotumiwa sana siku hizi katika mijadala ya Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010. Shina lake la Kiarabu lina maana ya utupu, kutokuwa na shughuli, nafasi iliyo wazi. Ni neno la mahali: watu wawili wamejitenga, wako faraghani. Lakini picha iliyotumwa haina mahali pamoja. ‘Nakala’ nalo linatokana na kitenzi chenye maana ya kuhamisha na vilevile kunakili. Zamani maana hizo zilitengana waziwazi. Barua ikihama, imehama, haiko tena mikononi mwako. Kwenye simu hakuna kinachohama. Ukimtumia shangazi picha ya mtoto, yako imebaki, yake imefika, na huenda programu ya mawasiliano na hifadhi ya mtandaoni zimejitengea zao bila kukuuliza mara ya pili. Eti tunaita hivyo ‘kushiriki’ picha! Sarufi yenyewe inalia: mtu hushiriki mkutano au mazishi. Na anayegawa ugali, sinia hupungua. Anayegawa picha haoni upungufu wowote, ndiyo maana mkono wake mwepesi.

Kabla ya simu janja kulikuwa na saiba. Vijana wa miaka ya 2000 waliingia humo kuchapisha wasifukazi, kunakili kitambulisho na kujaza fomu za mikopo ya masomo, kisha wakalipa na kwenda zao. Faili zilibaki kwenye kioo cha mashine. Ungeketi kiti hicho hicho ukutane na vyeti vya watu usiowajua, majina yao matatu na nambari za vitambulisho, wazi kabisa. Halafu kulikuwa na vibanda vya kuwekewa nyimbo, ambako ulimpa kijana kadi ya simu yako nzima, na picha zote zilizomo, ili akutilie nyimbo za shilingi hamsini. Tulizoea hivyo, na simu janja zilipotufikia tulikuwa tumeshazoea kumwachia mwingine kila kitu.

Simu hizo zilileta jambo ambalo barua haikuwa nalo: faili inayojieleza yenyewe. Mwaka 1995 chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani kilitoa kanuni ya Exif, inayoiwezesha kamera kuandika ndani ya picha tarehe, saa na aina ya kamera. Baadaye zikaongezwa nyuzi za latitudo na longitudo. Desemba 2012, John McAfee, mwasisi wa kampuni maarufu ya programu za kuzuia virusi, alikuwa mafichoni. Polisi wa Belize walitaka kumhoji kuhusu mauaji ya jirani yake. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa naye walichapisha picha yake mtandaoni. Ndani ya picha ile mlikuwa na vipimo vya mahali ilipopigwa: Guatemala. Siku mbili baadaye alikamatwa huko. Mtu aliyetajirika kwa kuwauzia wengine usalama wa tarakilishi alifichuliwa na picha moja ya simu.

Mambo hayo si ya matajiri watorokao pekee. Picha ya mtoto uani kwenu inaweza kubeba vipimo vya uani kwenu. WhatsApp huviondoa ukiituma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, vinaandamana nayo. Dawa yake ni kuikatalia kamera ruhusa ya kujua mahali, katika mipangilio ya simu.

Kuhusu ‘wingu’, sitalisema vizuri. Ni tafsiri sahihi ya Kiingereza na ni neno baya. Wingu halina mwenyewe, ilhali hilo la mtandaoni lina mwenyewe, lina ankara, na lina mlango unaofunguliwa kwa nywila. Agosti 2014 picha za faragha za waigizaji kadhaa wa Marekani zilimwagwa mtandaoni. Wezi hawakuzigusa simu zao. Waliwatumia baruapepe za hila zilizojifanya zimetoka kwa kampuni, wakapewa nywila, wakaingia kwenye akaunti za hifadhi. Mwigizaji mmoja alisema hadharani kwamba picha zake alikuwa amezifuta zamani. Alidhani kufuta ni kufuta.

Somo hilo halikutufikia mapema. Aprili 2016 WhatsApp ilikamilisha kusimba ujumbe wote, yaani kuugeuza usisomeke na yeyote ila mtumaji na mpokeaji. Watu wakatulia. Lakini nakala iliyopakiwa kila usiku kwenye Google Drive au iCloud haikuwa na ulinzi huo. Ni kama kusafirisha barua kwa lakiri na muhuri, kisha kuweka nakala yake wazi kwenye droo ya karani. Ilibidi kusubiri hadi mwisho wa 2021 ndipo mtumiaji akapewa njia ya kuisimba nakala hiyo pia, na hadi leo ni wengi wasioifahamu. Iko kwenye mipangilio, chini ya gumzo na nakala. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Ukiupoteza, kampuni haiwezi kukufungulia, kwa hiyo uandike kwenye karatasi na uuweke pale unapoweka hatimiliki ya shamba.

Serikali nazo ziliamka. Kenya ilipata Sheria ya Kulinda Data mnamo Novemba 2019, Tanzania ikapata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lugha moja, majina mawili! ‘Data’ ni Kilatini, maana yake vitu vilivyotolewa. ‘Taarifa’ ni Kiarabu, jambo lililojulishwa. Kwa hiyo sheria zote mbili zinalinda kilichokwisha kutoka mkononi, na huo ndio ukweli wa mambo. Meno yapo: Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja Sh1.85 milioni kwa kuanika picha ya mteja. Ila faini haikusanyi nakala zilizokwisha kusambaa.

Pendekezo langu kwa waundaji istilahi ni dogo. ‘Nakala rudufu’, jina la wanateknolojia, linaeleza kitu bila kumtaja mtunzaji wake. Tungeiita ‘nakala ya amana’, na kitendo chenyewe ‘kuamanisha’. Kitenzi hicho hudai watu wawili, na mtu huulizwa papo hapo: umemwamanisha nani? Binti mmoja darasani alinipinga akisema hakuna kijana atakayesema hivyo, wao husema ‘kubekapu’. Nilimwambia atamke anavyotaka, mradi simu yake ikimwomba ruhusa usiku huo ajue ni nani anayeomba, na kiungo cha albamu ya harusi ya dadake, alichokiacha wazi kwa ‘yeyote aliye nacho’, akakifunge.