NGOMA ISEMAYO NA NGOMA YA UMEME: MDUNDO, UBONGO NA HISIA KATIKA HISTORIA YA KISANGANI

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali ambalo limejadiliwa sana na wataalamu wa saikolojia na wa muziki: mdundo wa kurudiarudia, hasa ule unaotolewa kwa vyombo vya umeme, hufanya nini katika ubongo na hisia za msikilizaji? Mara nyingi swali hili huulizwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na sintesaiza. Dai letu ni kwamba swali ni la kale zaidi, na kwamba historia ya Kisangani inatusaidia kulijibu vizuri zaidi. Mji huu uko kandokando ya mto ambao watu wake walizungumza kwa ngoma. Aidha, ni mahali ambapo Kiswahili kilikutana na lugha zenye toni, kama vile Lingala na Kilokele. Tutajaribu kuonyesha kwamba mdundo hauliendei sikio tupu, bali huliendea sikio lililokwisha kufundishwa.

2. Ngoma ya mtoni

Mwaka 1877 Henry Morton Stanley alipita kwenye maporomoko yaliyokuja kuitwa kwa jina lake. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alieleza kwamba wakazi wa visiwani walipelekeana habari kwa ngoma kubwa, na kwamba aliyejua lugha hiyo aliielewa kama maneno ya kinywani. Ni jambo la kutazamwa kwamba Stanley mwenyewe alizilinganisha ngoma hizo na ishara za umeme, yaani simu ya maandishi ya wakati wake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa eneo hilo kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, na Kiswahili kikazidi kupata makao.

Aliyeifafanua lugha ya ngoma kwa utaratibu wa kitaalamu ni John F. Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani. Kitabu chake kuhusu ngoma zisemazo kilitoka mwaka 1949. Chombo chenyewe, ambacho kwa Lingala huitwa lokole, ni gogo lililotobolewa ndani kupitia mwanya mrefu. Kingo mbili za mwanya huchongwa kwa unene tofauti, nazo hutoa sauti mbili: ya juu na ya chini. Kilokele nacho ni lugha ya toni za juu na za chini. Neno lisaka, kwa mfano, lina maana ya dimbwi iwapo silabi zote zina toni ya chini. Silabi ya mwisho ikipanda, maana ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu.

Hata hivyo, ngoma hubeba toni tu, na irabu na konsonanti hupotea. Songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, yote mawili yana toni mbili za juu, na kwenye gogo hayatofautiki. Kwa hiyo mpigaji haishii kwenye jina. Huongeza fungu zima la maneno linalomweleza mwezi au kuku, mpaka mfuatano wa toni usiweze kuchanganywa na mwingine. Carrington alikadiria kwamba usemi wa ngoma huhitaji maneno kama manane pale ambapo kinywa kingetumia moja. Kwa mgeni hayo yalikuwa marudio ya mdundo. Kwa Mlokele yalikuwa sentensi ya tanzia, ya mwaliko au ya onyo. Sauti ni ile ile, lakini hisia iliyoamshwa, huzuni kwa mmoja na mshangao kwa mwingine, haikuwa moja.

3. Nadharia ya mdundo utawalao

Wakati huohuo, mabingwa wa Ulaya na Marekani walishughulishwa na jambo jingine, yaani kupandwa na pepo kwenye ngoma. Mwaka 1961 na 1962 Andrew Neher alichapisha hoja kwamba mapigo ya ngoma yanaweza kuyavuta mawimbi ya umeme ya ubongo yafuate mwendo wake, na hivyo kuleta hali hiyo. Gilbert Rouget aliikataa hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1980. Alisema kwamba, kama mapigo pekee yangetosha, sehemu kubwa ya Afrika ingekuwa imepagawa mwaka mzima. Kwake yeye, anayepandwa na pepo ni mtu aliyelelewa katika mila inayompa nafasi hiyo na maana yake. Mabishano haya yamerudi leo kwa sura mpya kila asemapo mtu kwamba muziki wa kompyuta "unateka" akili za vijana.

4. Umeme waingia Kongo

Nchini Kongo kwenyewe ala za umeme hazikuua mdundo wa zamani. Ziliupa sauti kubwa. Zaïko Langa Langa, bendi iliyoundwa Kinshasa mwaka 1969, iliziacha tarumbeta na kuyapa magitaa ya umeme na ngoma nafasi ya mbele. Wimbo huanza polepole, kisha huingia sebene, sehemu ya kasi ambapo gitaa hurudia fungu fupi la noti na mtazamaji hungoja kwa hamu ya kucheza. Konono No. 1 ya Mawangu Mingiedi, nayo ya Kinshasa, ilitia umeme katika likembe kwa vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu, ili isikike katika kelele za barabarani. Albamu yao Congotronics ilitoka mwaka 2004. Katika eneo la Kiswahili, vijana wa Dar es Salaam waliunda singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika.

5. Vipimo vya maabara

Je, sayansi inasema nini? Jessica Grahn na Matthew Brett walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu asikiapo mdundo wenye pigo la wazi, hata akiwa ametulia tuli, zile sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo huamka. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake walipima dopamini, kemikali ya ubongo inayohusiana na tuzo na raha. Waliona kwamba hutolewa katika sehemu moja wakati msikilizaji anapongojea kilele cha muziki, na katika sehemu nyingine kilele kinapofika. Anayeijua sebene ataelewa mara moja umuhimu wa kungoja huko. Nchini Kanada, katika onyesho la muziki wa umeme, watafiti waliwasha na kuzima vipaza sauti vya masafa ya chini mno, hezi 8 hadi 37. Ripoti yao ya mwaka 2022 ilisema kwamba wasikilizaji walicheza kwa asilimia 11.8 zaidi vilipowashwa, ingawa hawakuweza kutambua tofauti kwa masikio.

Matokeo haya yanampa Neher haki kidogo: mwili huitika kabla ya fikira. Lakini utafiti mwingine unampa Rouget haki kubwa zaidi. Nori Jacoby na wenzake, katika makala ya mwaka 2024 yaliyolinganisha makundi 39 ya watu katika nchi 15, waligundua kwamba akili huuvuta mdundo kuelekea uwiano sahili wa namba, ila uwiano unaopendelewa hutofautiana kufuatana na muziki wa mahali. Nao Cecilia Durojaye na wenzake walichunguza dùndún ya Wayoruba mwaka 2021. Waliona kwamba waliozoea ngoma hiyo walitenganisha vyema zaidi mapigo yanayosema na mapigo ya muziki mtupu.

6. Kiswahili na sikio la Kisangani

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto wa Kilokele anayekulia Kisangani kwa Kiswahili pekee hapotezi msamiati tu. Hupoteza pia ufunguo wa gogo: wazazi wake walisikia sentensi, naye husikia mdundo. Carrington mwenyewe aliona, kabla ya uhuru, kwamba vijana walikuwa wanaacha kujifunza lugha ya ngoma. Redio na simu ziliharakisha kazi iliyokwisha kuanza.

Hatudai kwamba Kiswahili ni adui wa ngoma. Neno lenyewe ngoma kwetu hujumlisha chombo, uchezaji na tambiko, na hiyo ni hazina ya fikra ambayo maabara bado haijaitumia. Tunachodai ni kwamba athari ya muziki wa umeme haiwezi kupimwa kwa kuhesabu mapigo tu bila kuuliza msikilizaji alikulia lugha gani na ngoma gani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba swali la mdundo na ubongo lilikuwapo kwenye mto Kongo kabla ya vyombo vya umeme, na kwamba vipimo vya leo vinathibitisha pande zote mbili: mwili unaoitika na sikio linalofasiri. Kinachobaki ni kazi, nayo ina muda mfupi. Wazee wanaoielewa lugha ya gogo wanapungua. Inafaa wanaisimu, wanamuziki na wanasaikolojia washirikiane kurekodi sauti za ngoma pamoja na tafsiri za wanaozielewa, na kuwalinganisha wasikilizaji wa Kilokele, wa Lingala na wa Kiswahili katika mji huohuo mmoja. Sauti bila mfasiri wake itahifadhi mdundo, na maneno yaliyokuwa ndani yake yatakuwa yamepotea.